Lenzi Ndefu, Subira Fupi

Nkt! Wapiga picha wa siku hizi, jamani. Mtu anashuka kwenye probox hapa steji ya Homa Bay, lenzi imemning'inia kifuani kama bazuka, hata maji hajanywa: "Omera, yule ndege wa mafunjo yuko wapi?" Utadhani tumemfunga kamba.

Ndege mwenyewe tunamjua. Kwenye vitabu ni Laniarius mufumbiri: mgongo mweusi, utosi wa manjano, kifua chekundu cha kuwaka. Makao yake ni mafunjo. Dume na jike hupokezana mlio; huyu akianza yule anadakia, nawe unaapa ni ndege mmoja. Kumsikia si kazi. Kumwona sasa!

Hapo ndipo mitambo inapoumbuka. Nikon P1000 ya mwaka 2018 inavuta mara 125, sawa na lenzi ya milimita 3000. Haya, vuta! Mkono ukitetemeka kidogo tu, ndege katoka kwenye fremu. Ukimpata, fokasi inang'ang'ania bua lililo mbele, ndege nyuma anabaki ukungu. Ikifika saa nne, hewa juu ya maji inachezacheza, picha zote zimelegea.

Jamaa wa Migori akadakia: si aende Ruma, kule bonde la Lambwe, amvizie mbayuwayu wa buluu? Tukacheka. Huyo yuko huku Aprili hadi Septemba hivi, kisha anarudi kusini kuzaa, na akipita juu ya nyasi hangoji mtu. Hata kasi ya 1/2000 haikusaidii kama hujui atageukia wapi.

Basi mgeni akishindwa, anatoa simu na kaspika, anacheza mlio wa ndege yuleyule. Aka! Hiyo tunakataa. Dume akidhani kuna mvamizi, anaacha shughuli zake, hata kiota, anakuja kugombana na spika. Picha utapata, ya ndege mwenye hasira uliyemdanganya kwake mwenyewe.

Nasi tusijitoe. Kila kiangazi kuna mtu anachoma mafunjo apate kishamba cha sukuma wiki, halafu jioni anajiita mwongoza watalii.

Ukija, spika iache nyumbani. Fika ziwani jua halijachomoza, tulia mtumbwini, mwache ndege ajitokeze mwenyewe. Na mwenye mtumbwi mlipe hela yake, hata kama ndege hakutokea.