Alama za Nyuki Kwenye Daftari la Madeni

Ligi Kuu ikifika nusu, Tanzania nzima inageuka bodi ya mitihani. Redioni wapo wachambuzi wanaolipwa, vijiweni wapo wachambuzi wanaodaiwa. Mimi ni wa vijiweni. Hapa Tabora tunasahihishia mitihani yetu kwenye baraza la duka la Mangi, ambako ukinunua kiberiti kimoja umepata haki ya kukalia benchi mpaka adhana ya magharibi, na kumpa alama tatu kijana ambaye mshahara wake wa mwezi ungenunua benchi, duka, na Mangi mwenyewe.

Shabiki wa mjini kwingine ana kazi nyepesi. Anawapima watu anaowajua. Sisi huku tunapima wapita njia. Tangu mji huu ukiitwa Kaze, misafara kutoka Bagamoyo ilitua hapa, ikapumua, ikagawanyika: wa Ujiji wakaelekea Ujiji, wa Karagwe wakapanda kaskazini. Reli ilipofika mwaka 1912 haikubadili tabia ya mji, iliongeza filimbi tu. Leo abiria wa Kigoma na wa Mwanza bado wanaachana hapa hapa. Timu yetu nayo ilikuja kwa msafara. Ilikuwa Kitayosce ya Moshi, ikahamia kwetu, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2023, ikaitwa Tabora United, ikapewa jina la utani Nyuki wa Tabora kwa heshima ya asali yetu. Mangi, ambaye kwao ni Kibosho, huko huko Moshi, hajasamehe mpaka leo. Akikasirika husema, "Timu ni yetu, nyie mmeiazima." Hutamka hivyo huku akitazama mizani, kana kwamba ipo siku itarudishwa kwa kilo.

Wachezaji nao ni wapita njia: hata uwe na akili ya kukariri nauli za nchi nzima, ukimaliza kulikariri jina la beki wa kushoto, dirisha la usajili limefunguliwa, beki yuko stendi na begi lake.

Mtihani wa kwanza wa Nyuki ulikuwa mfupi kuliko yote. Agosti 16, 2023, pale Chamazi, timu iliingia uwanjani na wachezaji wanane dhidi ya Azam, maana wengine walikuwa hawajaruhusiwa kucheza. Feisal Salum akafunga matatu kati ya manne, vijana wetu wawili wakalala chini, wakabaki sita. Sheria inataka wasipungue saba. Mwamuzi akamaliza mpira ukiwa haujavuka sana robo saa. Mzee wa Reli, mstaafu wetu wa benchi, alikuwa ameingia uani kutawadha. Aliporudi akakuta watu wanatawanyika, akaanza kulaumu watu wa umeme. Tulipotoa alama jioni ile hatukuwa na ubishi: wote wanane kumi kwa kumi, kwa kufika. Msimu ule tulisalimika kwa mechi za mchujo, tukiwatoa Biashara United ya Mara, na tangu hapo tukajiona wakubwa.

Sasa njoo msimu wa 2024/25, ndio ninaotaka kuusema.

Lazima ujue kwanza kwamba mkazi wa Tabora ana timu mbili. Ya nyumbani, na ya Kariakoo. Ya nyumbani anaipenda kwa moyo wote mpaka siku itakapokutana na ya Kariakoo. Mimi ni Yanga, nimeikuta kwa baba kama nilivyokuta jina la ukoo. Mama watoto ni Simba, jambo ambalo washenga hawakulitaja mpaka mahari ilipokwisha kutolewa. Kwa hiyo Nyuki kwetu ni eneo la amani, sebule isiyo na upande. Ilikuwa hivyo mpaka Novemba 7.

Yanga walikuwa wameanza ligi kwa kushinda tu, nyavu zao hazijaguswa, mpaka Azam walipowachomekea moja mwanzoni mwa mwezi ule. Tukasema ni ajali, watatulizia hasira kwa Nyuki. Nikaenda kibanda umiza nimevaa jezi ya Tabora juu, ya Yanga ndani. Joto la Novemba kabla ya mvua, bati halina dari, watu wamebanana kwenye mabenchi mpaka ukitaka kujikuna unamkuna jirani. Lakini nilikuwa nimejipanga: akishinda yeyote, nina nguo yake.

Bao la kwanza la Nyuki nilikaa kimya nikitazama sakafu. La pili lilikuta miguu yangu imekwishasimama bila kuniuliza, mikono juu, na jezi ya juu ikapanda pamoja na mikono. Kijani kikatoka nje, kikawaka pale kwenye mwanga wa runinga. Sauti ikatoka nyuma: "Oyaa! Huyu bwana ana timu mbili tumboni!" Kibanda kizima kikageuka kunitazama mimi, na nadhani kuna watu mpaka leo hawajaona marudio ya bao lile kwa sababu ya tumbo langu. Offen Chikola alifunga mawili usiku ule. Clement Mzize akapata la kufutia machozi, lakini machozi yalikuwa yamekwisha kauka. Tatu kwa moja, tena nyumbani kwao pwani.

Mzee wa Reli, ambaye anasoma kila karatasi aliyofungiwa vitumbua, akatukumbusha kwamba Burton na Speke waliingia Kaze tarehe hiyo hiyo, Novemba 7, mwaka 1857, wakiwa na siku 134 tangu watoke pwani. "Wao walikuja kwetu wamechoka," akasema, "sisi tumewafuata kwao wakachoka wao." Babu zetu walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo wakarudi na vitambaa na shanga. Hawa Nyuki wamekwenda mikono mitupu wakarudi na pointi tatu. Siku chache baadaye Yanga wakaachana na kocha wao Miguel Gamondi, na Mzee wa Reli akalipokea hilo kama kazi ya mikono yake.

Kilichoniuma si matokeo. Kilichoniuma ni uzalendo uliozuka ghafla. Simba wote wa mjini, watu ambao hawakuwahi kukanyaga uwanja wetu wa Ali Hassan Mwinyi hata siku ya mwenge, wakaamka Ijumaa ni Nyuki wa damu. Fundi cherehani wa jirani yetu akaweka nyimbo asubuhi. Mama watoto akapika pilau siku isiyo na sherehe, akanijazia sahani, akasimama mlangoni. "Kula baba, hiyo ya Chikola." Nilikula. Pilau haina kosa.

Hivyo ligi ilipofika nusu, Desemba, tathmini ilikuwa na watu wengi kuliko kawaida. Azam nao walikuwa wamekuja Tabora wakaondoka wamefungwa 2-1, kila mtu mjini akawa na maoni, na benchi la Mangi likaanza kulia misumari.

Kuhusu utaratibu wetu. Mangi hatoi karatasi bure. Ana kaunta buku moja jekundu la madeni, na baada ya kubembelezwa sana alikubali tuandike alama kwa nyuma, yeye akiendelea na madeni yake kwa mbele. Mpango mzuri mwezi Agosti. Lakini watu walikopa sana, na sisi tulipima sana, na mwezi Desemba madeni kutoka mbele na alama kutoka nyuma yakakutana katikati, ukurasa mmoja, wino mmoja.

Alama zenyewe zilikuwa na mgogoro. Chikola tisa, hapo hakuna aliyebisha. Heritier Makambo mimi nilitaka apate nane na nusu. Watu wa Simba wakaruka: "Unasahihisha mtihani wa zamani!" Ni kweli nilikuwa nakumbuka mabao aliyofunga akiwa Yanga mwaka 2018 na 2019, lakini mapenzi ya zamani hayana tarehe ya kwisha. Kwa Yacouba Songné, naye wa zamani wa Yanga, ikawa vilevile, nikaambiwa nampa alama za Jangwani. Makocha tuliwaweka pamoja, Francis Kimanzi aliyeanza msimu na Anicet Kiazayidi aliyeupokea, kwa sababu Mzee wa Reli alisema dereva wa kwanza na wa pili wa treni moja hawapimwi mbalimbali. Kipa alipata sita na nusu, hiyo nusu ni ya kupiga kelele. Kiungo mmoja kutoka Kongo alikuwa na saba, ila kwa vile alionekana sokoni akimsalimia muuza maziwa "Mwangaluka" bila kufundishwa, akaongezewa nusu. Beki wa kulia alipewa tatu, na pembeni kwa mkono wa fundi cherehani: "ajirekebishe mapema".

Halafu Mangi akaenda Moshi. Mchaga na Krismasi hawatenganishwi hata kwa amri ya mahakama. Duka akamwachia mpwa wake, kijana mpole aliyetoka Himo wiki ile, asiyejua mpira wala watu wa mtaa, na akampa agizo moja tu: nikirudi nikute madeni yamekusanywa.

Kijana akafungua kaunta buku katikati.

Asubuhi nilimkuta amesimama barazani, kalamu sikioni. "Shikamoo mzee. Samahani, huyu Chikola anakaa nyumba ipi? Anadaiwa elfu tisa." Nikamwambia Chikola hakai mtaa huu. "Basi na Makambo?" Nikamwambia hata yeye. Akaandika pembeni, kwa mwandiko mzuri wa shule: wamehama. Kama kuna maelezo bora zaidi ya kikosi chetu sijayasoma popote.

Mzee wa Reli aliletewa karatasi imeandikwa "Mzee wa Reli – 4". Lilikuwa deni la sukari na majani ya chai, elfu nne. Lakini yeye akaona amepimwa, tena na mtoto wa jana. Akavua kofia. Miaka yote aliyotumikia reli, kuanzia karakana hapa Tabora mpaka kituo cha Kaliua, hakuwahi kupata nne kwa mtu! Tulimtuliza kwa kahawa, na kahawa hiyo nayo ikaandikwa.

Ila aliyenivunja mbavu ni dereva mmoja wa bodaboda ambaye kijiweni kwao wanamwita Beki, kwa sababu ya mwili wake. Mpwa wa Mangi alimsimamisha njiani, akamwonyesha mstari: Beki wa kulia, tatu, ajirekebishe mapema. Jamaa akakuna kichwa. Hakukumbuka kukopa, lakini pia hakukumbuka kutokopa, na kwa kweli kibanda chake cha kuegesha kiko upande wa kulia wa duka. Akatoa elfu tatu, akaomba radhi kwa kuchelewa. Mangi aliporudi Januari akasikia habari zote, akacheka mpaka akashika rafu ya sabuni. Ile elfu tatu hakuirudisha. Alisema beki kweli amejirekebisha.

Mzunguko wa pili sina mengi. Mji huu unajua kusubiri: Livingstone alikaa Kwihara, mwendo mfupi tu kutoka hapa, kuanzia Februari hadi Agosti 1872, akingoja wapagazi watoke pwani, na sisi tulingoja dirisha dogo litupe mshambuliaji wa kumsaidia Makambo kwa imani hiyo hiyo. Februari Simba wakaja wakatupiga tatu bila. Wale wazalendo wa Novemba wakarudi kwao usiku ule ule, na nyumbani kwangu hakukupikwa pilau, palipikwa kuku. Aprili Yanga nao wakaja wakatupiga tatu bila, uwanja umejaa, wauza karanga na michembe wamefanya biashara ya mwaka. Siku hiyo nilivaa jezi moja tu. Siitaji.

Msimu ulipokwisha, msafara ukafunga mizigo kama kawaida. Chikola akasajiliwa na Yanga, na mimi nikawa mtu pekee wa benchi aliyeagana naye huku akimkaribisha. Halafu ikaja habari kubwa zaidi: Nyuki wamepata mwenyeji mpya, na kuanzia msimu wa 2025/26 wanaitwa TRA United. Ndiyo, hao hao wa kodi.

Sina ugomvi na hilo. Timu inayolipwa mshahara kwa wakati inakimbia vizuri, na mtu anayejua kukusanya ana faida kwenye ulinzi. Tatizo ni mtaani. Siku moja basi la wachezaji lilipita likitoka mazoezini, watoto wakalikimbilia nyuma wakishangilia, "TRA! TRA hao! TRA wamekuja!" Kabla basi halijakata kona, milango minne ya maduka ilikuwa imeshuka. Fundi cherehani alizima mashine mguu ukiwa juu ya pedali, mteja wake akabaki na suruali yenye mguu mmoja. Mangi nilimkuta ameinama chini ya kaunta, mkono mmoja umeshika mashine ya risiti, mwingine umekumbatia kaunta buku jekundu.

"Mangi, ni timu," nikamwambia. "Wanatoka mazoezini."

Akainuka taratibu, akajipangusa unga. Ligi ilikuwa inakaribia nusu, benchi limejaa, nikamwomba buku tuanze alama za msimu huu. Akalifunga, akalikalia.

"Wachezaji wa TRA siwapi alama mimi. Hawa wana tabia ya kuja kuuliza ulizipataje." Akafikiri kidogo, akachomoa karatasi ya kufungia sukari, akanipa na kalamu. "Andika wote wanacheza vizuri sana. Jina langu liweke juu, na tarehe."

Mzee wa Reli akauliza kama hata beki wa kulia.

"Huyo ndiye mzuri kuliko wote," Mangi akasema, macho barabarani.