Hotuba ya Uzinduzi wa Koki

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa. Balozi wetu wa nyumba kumi. Mama mwenye nyumba, mfadhili wa koki hii bila hiari yako. Wapangaji wenzangu wa Nkuhungu mliobanana mlangoni mwa bafu: itifaki imezingatiwa.

Nasimama mbele yenu, spana mkononi, nikiwa mtaalamu pekee wa fani hii kuanzia Kongwa hadi Manyoni. Shahada sina. Shahada hutolewa na vyuo, na hakuna chuo kilichothubutu kunitahini.

Kwanza, historia. Wapo wanaonong'ona kwamba koki hii imevuja tangu kiangazi kilichopita. Ndugu zangu, mambo makubwa ya Dodoma hayaendi kwa papara. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973. Safari yenyewe ikachangamka 2016, na Aprili 26, 2018 tukatangazwa kuwa jiji. Kama makao makuu yalivumilia miaka zaidi ya arobaini, koki ni nani hata iharakishwe?

Pili, jiolojia. Maji yetu mengi hutoka visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Watafiti waliotazama kumbukumbu za visima vile tangu miaka ya 1950 (ni wataalamu wa kawaida, lakini tuwasikilize) walibaini kwamba maji ya chini hayajazwi sawasawa kila msimu. Hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98. Maana yake, tone linalodondoka kwenye sinki lako huenda ni la El Niño. Mnaozembea koki mnamwaga nyaraka za taifa!

Maji hayohayo yana chumvichumvi. Mnaijua kwa yale magamba meupe ndani ya birika. Ndiyo yaliyoigandisha koki hii kwenye bomba. Fundi wa mtaani angevuta kwa nguvu, akang'oa na kipande cha ukuta. Mimi niliivisha shingo yake kitambaa kilicholowa siki, ikalala nacho. Siki hula magamba polepole, bila kelele, kama shemeji aliyekuja kusalimia tu.

Tatu, utendaji. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa, nati isije ikahamia kwenye bomba la majitaka. Legeza koki kinyume cha saa. Safisha tredi. Chukua koki mpya, ielekeze ikutazame kwa ncha yenye tredi, kisha uzungushie tepu nyeupe ya mabomba kufuata mwendo wa saa. Ukienda kinyume, tepu itafumuka wakati wa kukaza. Kaza kwa mkono hadi mkono ugome, ndipo spana imalizie kidogo tu. Anayekaza kwa hasira atanunua koki ya pili.

Yupo jirani, simtaji, ila amevaa kandambili za bluu, anayedai kwamba koki haikuwa na kosa lolote: eti ni washa tu, ile raba ndogo ya ndani, imelika, na kwamba pale Sabasaba angeipata kwa chenji ya nauli. Hoja hiyo ni sahihi kabisa, na ndiyo sababu haina hadhi ya kitaaluma. Nani angeacha ugali wake aje kushuhudia raba?

Mwingine anauliza kwa nini sijafunga valvu ya mita. Mwanangu, fundi hufunga valvu. Mtaalamu husoma ratiba ya mgao. Leo si zamu ya mtaa wetu. Ndiyo maana koki kuukuu hii hapa mkononi mwangu, tundu lile pale ukutani, wazi, nasi tunazungumza kwa amani na utulivu.

Sauti mnayoisikia ndani ya ukuta ni hewa. Hewa hutangulia, hilo nalo ni la kitaalamu. Naona mheshimiwa Balozi ameanza kukunja suruali, jambo linaloonyesha kutokuwa na imani na wataalamu wazawa.

Kwa hayo machache, nakaribisha maswali. Aanze aliye karibu zaidi na mita, na aulize akiwa anakimbia.