Sinema, Sifuri
Dodoso la Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, huwauliza watu wenye ugonjwa mzito wa akili: katika siku 30 zilizopita, siku ngapi umekwenda sinema, maktaba, mgahawani, bila kusindikizwa na mhudumu? Kwao sawa. Hebu lipakie mashuani Nyamisati, wilayani Kibiti, uingie nalo deltani. Yule tunayemwita chizi yuko juu ya dungu tangu alfajiri, anaamia ndege kwenye mpunga wa watu. Sinema, sifuri. Maktaba, sifuri. Hashiriki, maskini! Ila waongeze maswali mawili ya Kibiti: kaburi likitaka kuchimbwa, nani hufuatwa kwanza? Na pilau la harusi likipakuliwa, sahani yake hupelekwa jamvini, au nyuma ya jiko?