Jinsi ya Kuwa Mjuzi wa Filamu za Mazombi za Italia kwa Usiku Mmoja

Rafiki yangu, unataka kukaa na washabiki wa filamu uonekane umebobea. Inawezekana, tena bila jasho jingi. Fuata hatua hizi.

1. Achana na kisa. Usijichoshe kutafuta nani ni nani na mlango umefungukaje. Lucio Fulci, fundi mkuu wa filamu hizi, alitaka L'aldilà (1981) iwe ya picha tupu: nyumba, watu, na wafu wanaotoka ng'ambo. Wenzako wakihangaika na mantiki, wewe tulia, umeshawatangulia.

2. Tega masikio. Muziki wa Fabio Frizzi ndio unaosimulia. Mdundo wake katika Zombi 2 ya Fulci (1979) unakokota kama miguu ya maiti. Uimbe kidogo kwa pua, watakuheshimu.

3. Midomo isipolingana na maneno, usicheke. Waitaliano wa enzi ile waliingiza sauti studioni baada ya kupiga picha. Mlalamikaji mwambie hivi: sauti ikielea kando ya mdomo, hata aliye hai huonekana si wa dunia hii.

4. Kariri jina moja lisilojulikana sana: Sergio Salvati, mpigapicha. Wengine watamtaja Fulci; wewe sifia ukungu na mwanga.

5. Weka kisa kimoja akiba. Zombi 2 haina ya kwanza yake. Dawn of the Dead ya George Romero ilioneshwa Italia kwa jina la Zombi, watayarishaji wakadandia. Jina walilidokoa, ila zombi anayepigana na papa chini ya maji ni wa kwao wenyewe.

6. Katika Zombi 2, kibanzi cha mlango kikianza kulielekea jicho la mwanamke, inama ufunge kamba za viatu. Hakuna atakayejua.

7. Ukikosa muda kabisa, tazama mwisho wa L'aldilà. Wawili wanakimbilia chini ya hospitali, wanajikuta kwenye uwanda wa kijivu uliojaa maiti, usio na mlango wa kurudia. Utamu wote uko hapo. Mazombi wa Fulci ni wazito, mtoto angewaacha mbio. Lakini maiti hukimbika, mahali hapakimbiki. Sema hivyo mbele ya wenzako bila kusita. Maneno umeyaazima kwangu, lakini ni ya kweli.