Jinsi ya Kutibu Kiuno kwa Viatu Bila Kuvuka Kizingiti

Kiuno kikikusumbua zaidi ya miezi 3, hongera, umepandishwa daraja. Maumivu yako sasa ni sugu, na mwenye maumivu sugu hawezi kuonekana na ndala. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Anza na kochi. Kiuno hakiharibiki bila maandalizi. Kaa tangu taarifa ya habari mpaka mpira wa Ulaya uishe. Ukiinuka, shika nyonga, guna, kisha angalia kama kuna aliyesikia. Kama hakuna, guna tena.

Hatua ya 2: Chagua kiatu. Kuna chenye soli iliyobinuka kama tumbo la mtumbwi. Kuna na kile chenye vitufe viwili vya mpira chini, kimoja kisiginoni na kimoja mbele, ambavyo mtaalamu huvisogeza huku na huku akikutazama unavyotembea. Nia ni moja: kubadili namna unavyokanyaga, na kukunyima utulivu ili misuli ya miguu, nyonga na kiuno iamke ifanye kazi. Misuli yako imelala tangu msimu uliopita wa ligi, kwa hiyo usiiamshe kwa pupa.

Hatua ya 3: Kariri historia. Wageni watauliza. Waambie kuwa mhandisi mmoja Mswisi, Karl Müller, aliyesumbuliwa na mgongo, alipata nafuu kwa kutembea kwenye mashamba ya mpunga huko Korea. Mwaka 1996 akaleta kiatu cha MBT, herufi zinazosimama badala ya Masai Barefoot Technology, yaani teknolojia ya Wamasai ya kutembea pekupeku. Kwa hiyo Korea imetoa matope, Uswisi imetoa soli, na Mmasai ametoa jina. Mmasai mwenyewe amevaa katambuga, kipande cha tairi kilichokwisha kutembea safari nyingi kuliko wewe na kochi lako.

Hatua ya 4: Vaa nyumbani. Siku ya kwanza nusu saa inatosha, kisha uongeze kidogo kidogo. Shika ukuta. Kwenye vigae utayumba kama abiria aliyesimama kwenye daladala, na mwanao atauliza, "Baba, unacheza?" Usijibu. Masharti yanasema uwe wima ukiendelea na shughuli zako za kawaida. Hapa pana mtego, kwani shughuli yako ya kawaida ni kukaa. Mama watoto atalitatua hilo bila mtaalamu: "Baba Asha, maadamu umesimama, hebu nisuuzie hivyo vyombo." Ukimaliza vyombo, kuna ndoo. Baada ya ndoo, kuna nguo za kuanika.

Hatua ya 5: Usisome utafiti. Utakuharibia raha. Watu 115 wenye maumivu sugu ya kiuno, huko Uingereza, waligawanywa makundi mawili: hawa soli ya kubinuka, wale soli bapa, wavae walau saa 2 kwa siku wakiwa wamesimama au wanatembea. Matokeo yalitoka mwaka 2013 katika jarida la Spine. Soli ya kubinuka haikuishinda soli bapa. Na wale ambao kiuno kiliwauma wakisimama au wakitembea walinufaika zaidi na bapa. Halafu mwaka 2024, jarida la The Lancet likaeleza habari za Waaustralia 701 waliokuwa wametoka tu kupona kiuno. Waliopewa mpango wa kutembea na kuelekezwa jinsi ya kuutunza mgongo walikaa siku nyingi zaidi kabla maumivu hayajarudi. Kiatu maalumu hakikuwemo kwenye mpango huo.

Hatua ya 6: Acha utani kidogo. Mguu ukiishiwa nguvu, sehemu za siri zikifa ganzi, mkojo au choo kikikushinda kuzuia, au maumivu yakija na homa, kukonda au baada ya kuanguka, vua kiatu uende hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Vumilia mafanikio. Baada ya wiki kadhaa utaona unainuka bila kuguna. Utawasifia viatu majirani, utataja bei, utamtaja Mswisi. Usiseme lolote juu ya vyombo, ndoo wala kamba ya nguo. Mama Asha naye hatasema. Ameshaiona dawa yenyewe, na kuanzia kesho anaongeza dozi: utapiga deki.