Starehe Zinazopanda Mlima

Kila Desemba mabasi ya kutoka Dar es Salaam hufikisha Moshi mizigo ya aina mbili: abiria na ushindani. Abiria hushuka stendi. Ushindani haushuki, unaunganisha gari hadi Uru, unapanda taratibu kuelekea Shimbwe, na njia nzima unachungulia madirisha ya watu kuona nani mwaka huu kamletea mama yake nini. Wageni wa Ulaya hulipa wapagazi wabebe mahema kuelekea kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. Sisi tunalipa vijana wabebe makochi.

Kochi la kaka yangu, lile la kona, lilinunuliwa bila mtu kupima njia ya kwetu. Gari la mizigo lilifika mwisho wa barabara, na kuanzia hapo kuna kichochoro cha kwenda kihambani, yaani shamba la nyumbani, chenye utelezi wa mvua za vuli na ua wa masale pande zote mbili. Vijana wa jirani wakalibeba. Kila walipochoka walilitua na kulikalia, na kila mpita njia aliyewasalimia alikaribishwa aketi, maana kochi lilikuwa njiani na njia ni ya wote. Lilipofika nyumbani lilikuwa limeshakaliwa na watu wengi kuliko watakaolikalia maisha yake yote.

Kwenye kona ya mwisho lilivunja ua wa jirani. Sasa, Uchagani sale ndilo jani unalompelekea mtu unapomwomba msamaha, na aliyepelekewa hana ujanja wa kukataa. Mama akamtuma kaka kuomba radhi upesi. Kaka, kwa haraka ya mtu wa mjini, akaokota sale lile lile alilolivunja akampelekea mwenyewe. Jirani alicheka mpaka akasamehe na ua mzima.

Kochi hilo leo lina nailoni yake ya dukani. Juu ya nailoni kuna vitambaa vya kufuma, na juu ya vitambaa hakuna mtu. Wageni wa mama hukaa nje kwenye benchi chini ya mparachichi, kwa sababu pombe ya mbege haina mazoea na zulia. Mama mwenyewe yuko jikoni, kwenye kigoda, karibu na mafiga.

Friji ilikuja Juni, mwezi ambao ukungu hushuka hadi mlangoni na watu hulala na masweta. Kwa baridi ile, chakula kilichotaka kupata joto kidogo kilikuwa na sababu ya kuingia humo. Mama aliweka maziwa jioni akitegemea mgando. Asubuhi akayakuta vile vile, akatoa hukumu: "Hili kabati linayalaza maziwa, haliyagandishi." Na sayansi iko upande wake: bakteria wanaogandisha maziwa wanapenda uvuguvugu, ndiyo maana kibuyu hukaa karibu na moto. Akachomoa waya kuokoa yuniti za LUKU, kisha akaipa friji kazi nyingine. Sasa inatunza sukari, vitenge vipya, karatasi za shamba na risiti za michango ya parokia, vyote kwa ufunguo. Panya wa Uru nzima wameikubali kuwa ni kifaa imara.

Dada naye akaleta mashine ya kahawa, ile inayonguruma na kutoa mvuke. Ungedhani imefika kwao. Kahawa ilipandwa kwenye misheni ya Kilema, kwenye mlima huu huu, mwaka 1898. Wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikazaliwa mwaka 1933. Tumejua kuipanda chini ya migomba, kuichuma, kuimenya, kuiosha, kuianika na kuipeleka chamani. Kuinywa ndiko hatukukuzoea. Kahawa ilikuwa ada ya shule na bati la nyumba. Kinywaji kilikuwa chai ya maziwa.

Mashine ikadai kahawa iliyokaangwa na kusagwa, wakati yetu ilikuwa kwenye gunia, kavu, na ganda lake bado mwilini. Dada alipochukua bakuli akaelekea kwenye gunia, mama alisimama mlangoni akamtazama kama mtu anayetaka kukaanga noti. Ikabidi twende dukani. Muuza duka akatupa kopo la kahawa ya unga iliyotengenezwa Bukoba, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Tukarudi nayo tukipita katikati ya mibuni yetu, yenye matunda mekundu, kimya. Unga ule haukuwa wa mashine ya aina ile. Ukayeyuka, ukaganda, ukaziba kila tundu isipokuwa bomba la mvuke. Bomba hilo sasa linachemsha maziwa ya chai.

Baba mdogo yeye hakununua kitu cha ndani. Alistaafu, akanunua raba za kukimbilia, akatangaza kuwa anajiandaa na Kilimanjaro Marathon, mbio zinazofanyika Moshi kila mwaka. Tatizo ni kwamba Uru mtu mzima hakimbii bila sababu. Asubuhi ya kwanza akina mama wawili walitua ndoo zao wakamuuliza kwa huruma, "Nani amefariki?" Mbele kidogo kijana akaunga mbio nyuma yake ameshika kamba, akiamini kuna ng'ombe ametoroka. Ilipofahamika kwamba anakimbia tu, anashuka hadi Rau na kurudi bila shughuli yoyote, watu hawakumcheka. Waliona ni nafasi. "Shemeji, kama unashuka bure, nipitishie hiki kimkungu cha ndizi." Huondoka alfajiri akiwa mwanariadha, anarudi ana pumba za ng'ombe begani na chenji za watu mifukoni. Afya yake imeimarika kweli, hasa mabega.

Kaka hakukoma. Aliona nyumba za Shanty Town zilivyo na ukoka mbele ya mlango, akataka na mama apate wake. Ukapandwa, ukamwagiliwa, ukashika. Akaacha agizo kuwa asikanyage mtu, akarudi Dar. Alipokuja Pasaka akakuta uwanja umenyolewa.

"Mama, nani kakata majani yangu?"

"Ahsante sana, baba. Miaka yote hii nilikuwa nayafuata tambarare."

Ndipo tulipokumbuka jambo ambalo kila aliyelelewa kihambani anapaswa kulijua. Juu huku kila kipande cha ardhi kina mgomba au mbuni, ng'ombe anafugwa bandani, na majani yake wanawake huyateremkia chini na kuyapandisha kichwani, mafungu mazito kuliko wao. Bila kujua, kaka alikuwa amemletea mama malisho mlangoni. Ukoka ule sasa unawekewa samadi, unakatwa kwa zamu, na unastawi kuliko wa matajiri. Kaka huwaambia wageni kuwa ana mtunza bustani. Hasemi kuwa mtunza huyo ana pembe.

Katika vyote tulivyopandisha, ukoka huo ndio pekee uliompumzisha mtu. Sisi tunaonunua hukaa Uru wakati wa Krismasi. Mama hukaa mwaka mzima, na ndiye anayejua uchungu uko kiungo gani. Kwa hiyo kabla hujafunga mzigo wa Desemba hii, mpigie mama simu. Usimuulize anataka nini, maana atakujibu hataki kitu, njooni tu salama. Muulize jana alikwenda wapi kwa miguu na alirudi amebeba nini. Jibu hilo ndilo la kununua.