Korosho Yaenda Masomoni Ng'ambo

Ghala la chama cha msingi, Kitangari, wilayani Newala. Oktoba, msimu wa minada. Kwenye kona amesimama MASHINE wa kubangulia korosho, kikongwe anayemsubiri mnunuzi wa chuma chakavu. Juu ya GUNIA la korosho ghafi, afisa mmoja amesahau KABRASHA la mpango wa kuziba pengo la ujuzi.

GUNIA: Shikamoo, bibi. Nimekuja kuaga. Mnada ukiisha nashuka bandarini Mtwara, kisha Vietnam, masomoni.

MASHINE: Marahaba, mjukuu wangu. Unakwenda kusomea nini?

GUNIA: Kubanguliwa.

MASHINE: Na mimi hapa kazi yangu nini?

GUNIA: Bibi, wewe ni wa hapahapa. Elimu ni ya ng'ambo. Mkija kuniona tena nitakuwa kwenye pakiti inayong'aa, nimetiwa chumvi, na bei yangu hamtaiweza.

KABRASHA: Naomba kuchangia. Hali hiyo kitaalamu ni pengo la ujuzi. Dawa yake ni mpango wa muda mrefu.

MASHINE: Mrefu kiasi gani?

KABRASHA: Inategemea wadau.

MASHINE: Mipango naijua. Vyuma wenzangu wa Nachingwea walinisimulia kuwa baada ya Vita vya Pili Waingereza walileta matrekta ya kulimia karanga, mengine yametokana na vifaru. Wakajenga na reli. Mafundi na madereva wenye ujuzi wakawa wachache, matrekta yakaharibika. Mwaka 1951 mradi ukafa, na reli ikaja kung'olewa.

KABRASHA: Hao hawakupanga watu. Sisi tulipanga! Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, 1964: ifikapo 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu.

MASHINE: Na wengi mlisomesha, sikatai. Nchi ilipata uhuru na wahandisi wazawa wa kuhesabika kwa vidole. Ila mlihesabu viti vya ofisini. Huku kwenye korosho mlihesabu nini?

KABRASHA: Viwanda. Kumi na viwili!

MASHINE: Ndimo nilimotoka. Mitambo ya Mwitaliano na ya Mjapani, fedha za mkopo wa Benki ya Dunia. Msimu wa 1973/74 zilivunwa kama tani 145,000, nanyi mkaendelea kujenga mkiiangalia namba hiyo. Huku nyuma wakulima wakahamishiwa kwenye vijiji vipya, mikorosho ikabaki porini. Bei ikakatisha tamaa, ugonjwa wa ubwiriunga ukaunguza maua. Msimu wa 1986/87 hata tani 20,000 hazikufika. Nikakaa na meno yangu, sina cha kutafuna. Viwanda vikageuka maghala.

GUNIA: Kumbe, bibi, ulikuwa shule isiyo na wanafunzi!

MASHINE: Na baadaye wakaja wanafunzi wasio na kazi. Ilipovuma gesi ya Mtwara, vijana wakaambiwa wasomee ufundi. Bomba likakamilika 2015, likaenda zake Dar es Salaam. Wapo waliosomea kuchomelea mabomba ambao leo wanachomelea mageti. Kila mara Kusini tunaletewa nusu. Yakija matrekta, hayana mafundi. Vikija viwanda, havina korosho. Wakija mafundi, hawana viwanda.

KABRASHA: Safari hii tumejipanga. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023! Mtoto anaweza kuingia mkondo wa amali tangu sekondari ya chini.

MASHINE: Jambo jema. Mwalimu Nyerere naye alilisema 1967, kwenye Elimu ya Kujitegemea: shule iwe na shamba, mtoto asiidharau kazi ya wazazi wake. Shule ngapi zikaelewa kwamba mtoto mchelewaji ndiye akapalilie? Jembe likawa kiboko chenye mpini mrefu. Angalieni amali nayo isiwe adhabu ya waliofeli hesabu.

KABRASHA: Tutaandaa semina.

MASHINE: Kabla ya semina nisomee jedwali lako. Safu ya kwanza?

KABRASHA: Wahitimu wa kiume.

MASHINE: Ya pili?

KABRASHA: Wahitimu wa kike.

MASHINE: Ya tatu?

KABRASHA: Jumla.

MASHINE: Ongeza ya nne: nani anawasubiri. Huku kwetu mwali akitolewa jandoni, wazee wako nje na nguo mpya, na mahali pake katika ukoo panajulikana. Mwali wenu anatoka na cheti, nje hakuna hata mpiga ngoma. Ukimfundisha mtu kubangua, mwekee na korosho ambazo hazitapakiwa melini zote, na umeme wa kutegemewa, na fundi wa kuninoa. Vietnam hawakuishia kununua mashine, walijifunza kuziunda wenyewe. Mikono inayochonga mpingo ikatoa binadamu na majini, itashindwaje na ganda la korosho?

GUNIA: Lakini ganda langu lina mafuta yanayobabua mikono.

MASHINE: Mafuta hayohayo wenzetu wanatengenezea breki na rangi. Huyo naye ni mwanafunzi mwingine tunayemsafirisha bure.

KABRASHA: Hoja nzito. Bahati mbaya safu ya nne iko nje ya hadidu za rejea.

GUNIA: Hadidu za rejea ziko wapi?

KABRASHA: Ndani yangu, ukurasa wa kwanza.

(Honi ya lori. Wapagazi wanaingia.)

GUNIA: Haya, zamu yangu. Mimi hata nikiwa ghafi, kila mtu anajua ndani ya ganda langu mna nini. Na ndani yako, Kabrasha, mna nini zaidi ya hilo jedwali?

KABRASHA: Ningependa kujua. Lile jedwali lenyewe limebandikwa kwenye jalada, wapiga picha walione. Nimezinduliwa mara mbili, na keki ikakatwa. Kufunguliwa, bado.